Nilitangaza kazi Ujiji kwa spika, mtaa ukafunga milango

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mwenzetu kauliza humu namna ya kutangaza biashara ukiwa huna hela. Nimeanza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona bora liwe na uzi wake. Haya yamenikuta mwenyewe, na mama yangu yupo hai, mbishi aje Ujiji amuulize.

Ilikuwa miaka ile Warundi wanavuka tena kwa wingi. Kigoma ikajaa magari meupe ya mashirika ya wakimbizi, gesti hazina nafasi, na kila mgeni anauliza swali moja: mtu wa kupika na kufua nampata wapi?

Nikaona fursa. Mama akauza friji yake, ile aliyogandishia barafu za watoto wa shule, akanipa hela yote. Nikakodi frem ya duka pale Mwanga, mjini Kigoma, nusu yangu nusu ya fundi cherehani, nikaandika mlangoni "Wakala wa Wafanyakazi". Yaani nakutafutia mtu wa kazi, nikimpata unanilipa.

Mteja wa kwanza hakuchelewa. Mama mmoja mwenye gesti mpya Katubuka kapata wageni wa shirika, anataka watu wanne wa jikoni na usafi, Jumatatu asubuhi. Nikimletea wazuri, atakuwa anachukua watu kwangu siku zote. Nikishindwa, shemeji yake wa Mwanza atamtumia watu.

Sasa cheka kidogo. Mteja ninaye, watu sina. Matangazo ya karatasi nilikuwa nimebandika kwa uji wa muhogo ili nisinunue gundi. Mbuzi wa sokoni wakayala yote.

Hela iliyobaki ilitosha kitu kimoja tu: mtu wa spika. Nikauliza nani ana bei nafuu, wote wakanitajia Mzee Sudi. Ana baiskeli, spika mbele, betri nyuma, na sauti nzito inayofika hadi ziwani. Nikamtungia maneno: "Wote mnaotafuta kazi, fikeni Mwanga mjiandikishe. Njooni na vitambulisho. Tutapita pia nyumba kwa nyumba."

Hiyo ya nyumba kwa nyumba niliipenda sana. Niliona ndiyo kumjali mteja.

Ijumaa baada ya swala akaanza mtaa wa Kasingirima, kulekule Ujiji. Mimi nikakaa ofisini nimependeza. Hakuja mtu. Fundi cherehani alipata wateja hadi akachoka, mimi hata wa kuuliza njia sikumpata.

Alasiri Mzee Sudi akarudi, nikampa shikamoo, akaitikia huku anatikisa kichwa. "Mwanangu, leo watu wana nini? Nikiingia mtaani, wanabaki kuku."

Ningeweza kununa, ila nilitaka kujua. Nikaifuata njia yake kwa miguu.

Wakuu, ni kweli. Nikakuta jiko linawaka, vitumbua vimegeuka mkaa, mpishi hayupo. Dukani mlango uko nusu. Nikamuuliza mwenye duka watu wamekwenda wapi.

"Mimi sijui kitu, dada. Mimi ni mwenyeji kabisa wa hapa."

Sikuwa nimemuuliza wenyeji wake.

Nikafika nyumbani kwa mama. Mlango umefungwa, na mama hafungi mlango mchana hata mvua inyeshe. Nikagonga, nikataja jina langu. Kisha nikasikia komeo.

Chumbani kwake, mkekani, wamekaa kimya Mama Zaituni muuza vitumbua, mikono bado ina unga, mabinti zake wawili, na dada mmoja anayefulia watu nguo.

"Ingia upesi," mama akasema kwa sauti ya chini. "Wanaandika watu tena."

"Nani anaandika, mama?"

"Si yule wa spika. Kasema vitambulisho, nyumba kwa nyumba. Sisi tunamjuaka. Akipita yeye leo, kesho gari inakuja kubeba watu."

Kumbe kwa ile bei yake, Mzee Sudi hukodiwa na kila ofisi. Chanjo ni yeye, na kila ilipotangazwa wageni wajitokeze waandikwe, ni yeye pia. Mama alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa mgongoni mwa bibi. Kaolewa hapa, kanizaa hapa, kadi ya kura anayo. Nilidhani woga ule uliisha kabla sijazaliwa.

"Mama, lile tangazo ni langu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hela ya friji yake ndiyo iliyomfungia ndani.

Mama Zaituni ndiye aliyeanza kucheka. "Kwa hiyo vitumbua vyangu vimeungulia kazi yako?" Kisha akauliza ni kazi gani hiyo. Wakuu, niliowatafuta mji mzima walikuwa wamejificha chumbani kwa mama yangu.

Jumatatu tukaenda Katubuka kwa miguu, mama mbele. Vitambulisho wote walikuwa navyo, wamevifunga kwenye nailoni, kwenye pindo la khanga. Mwenye gesti hakuvitazama sana. Alimuuliza mama kama anawajua, mama akasema ni majirani zake, basi. Mpaka leo watu nawapata hivyo, na wateja pia: mama anapita, anasalimia, anaongea.

Mzee Sudi nilimweleza kwa upole. Akasema, "Ndiyo maana watoto wananikimbia. Nilidhani ni baiskeli." Siku hizi akifika mtaani anashuka kwanza, anasalimia, anasema leo anatangaza nini. Ndipo anawasha spika.

Nilichojifunza: kabla hujakodi sauti ya mtu, uliza watu wa pale waliisikia mara ya mwisho ikisema nini.

Friji nilimnunulia mama nyingine. Ila baiskeli ile ikipita, bado anainuka na kwenda mlangoni. Hafungi, anagusa tu komeo.

Karibuni mchangie. Kwenu ni sauti gani ikipita, wazazi wenu wanagusa komeo? Mmewahi kuwauliza?