Pete Ndani ya Kochi la Mninga

Makochi mapya ya jirani yangu yalipofika Makanyagio kutoka Dar, mtaa mzima tuliitwa kuyaona. Yalikuwa yamevikwa nailoni, na jirani akatutangazia kwamba nailoni haivuliwi, ndiyo inayotunza upya. Tulikaa wima kama watu wanaosubiri kuchomwa sindano. Kwa joto la Oktoba, kila aliyeinuka alisikika akibanduka.

Kochi lake la zamani lilikuwa limetupwa nyuma ya choo, miguu juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo wageni wangu walikalia viti vya plastiki. Lakini mninga naujua, hata ukiwa umepakwa kinyesi cha kuku.

“Mama, naomba lile kochi,” nilimwambia.

“Chukua tu, mwalimu. Hata kwa kuni linafaa,” akajibu, kwa sauti ya kuwatosha wageni wote.

Mume wangu alipoliona likiingia kwa mkokoteni aliuliza kitu kimoja tu: “Na hao panya tutawalisha nini?”

Fundi makochi wa Kawajense alilizunguka mara mbili, ameinamisha kichwa kama aliyefika msibani. Bei aliyotaja ilinifanya nimchemshie chai. Kufikia kikombe cha pili tulikuwa tumeelewana: kazi nitaifanya mimi, yeye ataniazima nyundo na kunipa maneno. Maneno alikuwa nayo mengi.

Nilianza kwa kuchana kitambaa cha zamani. Zikatoka punje za mahindi, kijiko, vifuniko vya kalamu, na pete ya dhahabu.

Nilikaa chini. Pete ile tuliijua wote. Mwaka uliotangulia ilipopotea, jirani alimfukuza dada yake wa kazi, mwanamke mtu mzima mwenye watoto. Alimpekua begi barabarani mbele yetu, kisha akampandisha basi la kurudi kwao Kibaoni. Sisi tulisimama tukitikisa vichwa. Mimi mwenyewe nilisema, “Siku hizi huwezi kumwamini mtu.”

Niliirudisha pete saa ileile.

“Ilikuwa ndani ya kochi, mama.”

“Mungu ni mkubwa!” akasema, akiivaa.

“Na yule dada?”

“Aa, huyo atakuwa keshasahau.”

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema alifunga na kuomba, na Bwana akamrudishia pete yake. Kochi halikutajwa, wala mimi, wala aliyepekuliwa begi. Vigelegele vilipigwa hadi nami nikajikuta nimefungua mdomo.

Nilirudi kwenye msasa kwa hasira. Nilikwangua vanishi kuukuu mpaka ule wekundu wa mninga ukatokea. Nilikata tyubu za pikipiki vipande virefu, nikavipigilia chini ya kiti vipishane kama ukili wa mkeka, fundi ameketi kivulini na kikombe chake.

“Vuta mpira, mwalimu! Unauonea huruma? Ndio utakaomkalisha baba mkwe wako.”

Sponji ilitoka kwenye godoro la zamani la wanangu; nilichagua pembe ambazo hazikuwahi kukojolewa. Vitambaa vilikuwa mabaki ya kazi za fundi: mgongo wa kahawia, viti vya kijani. Alisema ndiyo fasheni ya mjini sasa. Sikumuuliza mji gani.

Jirani alikuja kuona. Akakaa, akaegemea, akanyoosha miguu kama mtu ambaye hajakaa vizuri kwa miezi.

“Niuzie, mwalimu.”

Nikamwambia bei yake ni safari ya Kibaoni kuomba msamaha. Miguu ikaanza kumuuma palepale. Kesho yake alinipa kitenge kipya: “Mpelekee wewe. Ila usimwambie ni cha nini.”

Nikapanda basi. Yule dada nilimkuta sokoni anauza mchele, na meza ni yake mwenyewe. Nilimweleza yote, pamoja na nilichosema mimi siku ile barabarani. Alikipapasa kitenge, akakikunja, akakiweka chini ya meza.

“Asante, mwalimu. Sasa mpigie. Weka sauti kubwa.”

Wauza mchele wenzake wakasogea. Simu ikapokelewa; nikamwambia jirani niko na yule dada, nikampa simu.

“Mwanangu, hujambo?” sauti ya jirani ikasema, laini kweli.

“Sijambo, mama. Shikamoo. Nasikia pete imepatikana.”

“Eeh... ilipatikana.”

“Nani alikuwa ameiba?”

“Huko kwenu mvua zimeanza?” jirani akauliza.

“Mama, nauliza nani alikuwa ameiba?”

“Kochi,” jirani akasema.

Soko lilicheka mpaka mwenye mizani akashindwa kupima. Yule dada hakucheka. Alisubiri, simu ameishika mbali kidogo na uso, mpaka ile sauti ikasema, polepole, “Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea.”

“Haya, mama. Nimesikia,” akajibu, na kukata.

Alinirudishia simu, akanifutia benchi kwa kanga yake, akaniuliza kama nimekula.