Nyumba Tuliyoichagua kwa Vidole

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyekuwa ameniita. Nilikuwa napita Nyabiondo na kitunga cha maharagi kichwani, nikasimama kuwaangalia wanaume waliokuwa wanahangaika na ukuta. Ilikuwa nyumba ya zamani ya walimu, ya matofali mabichi, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua bila kuchomwa. Walikuwa wanaipaka simenti kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza simenti ilibanduka na kuanguka vipande vizima, na shefu wa shantie, ndiye mkubwa wa kazi pale, aliwafokea wajenzi wake kwamba hawajui kuchanganya.

Nikasema bila kuulizwa: "Papa Shefu, haiko kosa ya bale. Hii ukuta iko na maji ndani. Simenti inaifungia mulango, maji inakosa pa kutokea, njo inaisukuma."

Wajenzi wakacheka. Shefu hakucheka. "Weye mama, ulijifunza wapi?"

"Kwa mama yangu. Kila mwaka, kiisha mvua, tunapaka nyumba."

"Basi tua ile kitunga. Paka huu upande, tuone."

Nilitafuta udongo wa kichuguu, nikauchanganya na mchanga wa mto, majani makavu yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, nikauacha siku kadhaa ulale na ulainike. Nilipaka kwa mikono, tabaka juu ya tabaka, nikasugua la mwisho kwa jiwe laini. Wanaume walipaka simenti upande wao. Mvua za msimu ule zilipopita, upande wao ulikuwa umefanya mabaka na kupasuka, wangu ulikuwa umetulia. Shefu alinijia shambani akiwa na mwiko wa kujengea. Alinipa, akasema, "Mama Faida, kesho uje mapema," akaondoka.

Nilikaa naye miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha majina: talosh ni ule ubao wenye mshiko wa kusawazishia ukuta, filaplo ni kamba yenye risasi inayoning'inia kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda vitabu vya picha vya wauza rangi. Kila kitu kipya kilichofika, rangi, ubao, kigae, alikitoa nje kinyeshewe wiki nzima kabla ya kukiingiza ndani ya nyumba ya mtu. "Mvua haina adabu," alikuwa anasema, "njo maana tunaiuliza yeye wa kwanza."

Kutoka kwake nilitumwa Kalembe, kutengeneza nyumba za wafanyakazi wa kituo cha afya. Mkubwa wangu huko alikuwa konduktere, msimamizi wa kazi zote za upande ule, mtu mrefu aliyevaa kaptura hata siku za baridi. Huko nilifanya kosa ambalo watu wa Kalembe hawajalisahau. Kwa haraka nilichagua mbao za mikalitusi zilizotoka kupasuliwa wiki ile ile. Zilikuwa nzuri, nyekundu, na bado zilikuwa na maji. Mlango wa mama mkunga ulijikunja kama jani la tumbaku, ukakwama ndani ya fremu yake, na yeye akakwama ndani ya nyumba.

Konduktere hakunifokea. Alisema, "Mbao kavu itafika kiisha mwezi moja. Mpaka siku ile, kila asubuyi weye mwenyewe utakuya kumufungulia."

Nilikwenda kila asubuhi, nikasukuma kwa bega, mkunga akivuta kwa ndani. Tulianza kwa kununiana, tukaishia kunywa chai pamoja. Tangu hapo sijaweka ubao wowote kabla ya kuupima uzito mkononi leo na kuupima tena mwezi unaofuata.

Lakini kazi ninayotaka kuwaeleza nyinyi mnaoanza ni ile ya Walikale, ndani ya msitu, ambako unyevu unaingia hata kwenye chumvi. Papa Prefe, mkuu wa shule ya sekondari aliyekuwa amestaafu, aliniandikia barua kwa mwandiko wa ubaoni, akaniomba niifanye upya nyumba yake. Nilipofika nilikuta ameshachagua kila kitu. Kwenye baraza kulikuwa na maboksi ya karo, vigae vya sakafu, nyeupe na zenye kung'aa, zilizoletwa na lori kutoka Bukavu. Kulikuwa na tripleksi, zile mbao nyembamba za kiwandani, kwa ajili ya dari na rangi ya mafuta kwa ajili ya kuta.

Mke wake, Mama Yudita, alikuwa Bukavu kwa dada yake. Macho yake yalikuwa yamefifia mwaka baada ya mwaka, na sasa madaktari walikuwa wamemwambia hayatarudi. Papa Prefe alitaka nyumba iwe tayari kabla hajafika.

"Akifika, akute nyumba ya heshima," aliniambia.

"Papa Prefe, hizi karo hatazionaka."

Alifunga boksi alilokuwa amelifungua. "Batu batamuelezea," alisema.

Hapo ndipo niliposhindwa. Mimi niliyeanza kazi kwa kusema bila kuulizwa, siku ile nilinyamaza. Nilimwonea huruma, na tena alikuwa Prefe. Nikalaza karo sebuleni, na zililala vizuri, sitadanganya, ungeweza kujitazama ndani yake.

Mama Yudita alifika kabla ya siku iliyotajwa, mvua ikinyesha. Alivua viatu mlangoni, akaingia na miguu yenye maji huku mume wake akimwelekeza. Hatua ya tatu aliteleza. Alianguka juu ya mkono, na kifundo kilianza kuvimba mbele ya macho yetu. Papa Prefe aliweka mikono kichwani. Mimi nilikimbia kutafuta kitambaa cha kuufunga.

Niliporudi, mama alikuwa bado amekaa chini, anapitisha kiganja cha mkono mzima juu ya karo.

"Hii ni nini? Iko kama sahani. Prefe, ulinitengenezea sahani nitembee juu yake?"

"Nilitaka ufuraie."

"Nitafuraia. Lakini nikiwa nasimama."

Mzee akakaa chini karibu naye, na suruali yake ya kitambaa kizuri, wakabaki hivyo. Nikatoka nje nikiwa na aibu ambayo sijui kuieleza. Mkono haukuvunjika, asante Mungu.

Asubuhi nilitengeneza vipande vya majaribio pale barazani, kimoja kimoja, nikavipanga chini: simenti iliyolainishwa, simenti iliyopigwa ufagio ikiwa bado mbichi ili ibaki na mikwaruzo, ubao wa libuyu, mti mgumu wa msitu ule, uliopigwa randa, na udongo uliosuguliwa kwa jiwe. Vilipokauka nikamwita.

"Mama Yudita, chagua weye."

"Nichague na nini?"

"Na miguu. Na vidole."

Alivua viatu. Alipita juu ya kila kipande, akarudi, akaniambia nimwage maji, akapita tena. Ilichukua siku mbili na hakutaka kuharakishwa. Kwa sebule alichagua simenti ya ufagio. Akaomba mikwaruzo yote ielekee jikoni, ili mguu ujue unakokwenda. Kwa chumba cha kulala alitaka mbao, kwa sababu hazina baridi. Ukuta wa ukumbini alitaka udongo laini mpaka usawa wa bega, na kila mlango uzungukwe na ubao wa libuyu uliotokeza unene wa kidole, ili mkono uujue kabla ya kuufikia. Dari ya tripleksi aliikataa sebuleni, mabati ya paa yabaki wazi.

"Nataka kusikia mvua kwa manjanja, nijue iko inakuya toka upande gani."

"Na karo zangu?" aliuliza Papa Prefe, kwa sauti ndogo ambayo sidhani wanafunzi wake waliwahi kuisikia.

"Zitengenezee benchi ku baraza. Bageni bakalie."

Zile nilizokwisha kulaza alizing'oa mzee mwenyewe kwa nyundo na tindo, suruali ameikunja, na akakataa msaada wangu.

Siku tuliyomaliza, Mama Yudita alitoka sebuleni mpaka jikoni, akarudi, akapita ukumbini mpaka chumbani, vidole viwili vikiteleza ukutani. Mume wake alimfuata kimya, mikono ameitanguliza kama mtu anayesubiri kudaka kitu.

"Prefe," alisema mama bila kugeuka, "unanifuata juu ya nini?"

"Sikufuate."

"Nasikia viatu."

Mzee akasimama. Mama akaendelea peke yake, tukasikia kitanda kikilia alipokaa, na kisha akacheka huko ndani.

Tangu siku ile, mtu akiniita, sikuuliza kwanza anataka rangi gani. Nilimwomba anionyeshe wanavyotembea ndani ya nyumba: nani anaamka wa kwanza, nani anaegemea wapi, nani anachuchumaa jikoni. Wakubwa wengine waliona ninapoteza wakati, na labda kuna nyumba nilizochelewesha bure. Sijuti.

Sasa nimerudi Nyabiondo na magoti yamekataa ngazi. Vijana wanakuja na picha kwenye simu, nyumba za Kinshasa na za ng'ambo, wananiuliza kama inawezekana hapa. Mara nyingi inawezekana. Nawaambia tu kila kitu kipya wakitoe nje kinyeshewe kwanza.

Mwezi uliopita nilipaka jiko langu upya. Mimi nilipaka sehemu ya chini nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na binti yangu Faida, ambaye ni mwalimu na amejifunza kazi hii akiwa mtu mzima, akapaka ya juu. Pale mikono yetu ilipokutana kuna mstari, kwa sababu yeye anasugua kwenda kulia na mimi kushoto.

"Mama, niufute? Batu bataulizaka."

"Baulize."

Akanawa mikono, akanimiminia chai. Tukakaa wawili kuutazama ukuta ukibadilika rangi, kutoka nyeusi kwenda hudhurungi, kila sehemu ikikauka kwa wakati wake.