Sindano ya shemeji inafanya kazi, yangu imegoma

Leo nimemwonea mtu wivu kwa kukonda.

Miezi minne najidunga sindano ya kupunguza mwili, kila Jumapili. Kilo mbili tu ndizo zimetoka. Mshipi bado unalia.

Sasa leo nimetoka Migori kwenda Homa Bay kumwona shemeji, dada ya marehemu bibi yangu. Yeye anadunga aina nyingine.

Nikamuuliza mlangoni, "Shem, nusu yako umeiacha wapi?"

Ndani kumejaa akina mama wa kanisa. Wameona amekonda, wakadhani ni mgonjwa, wakaja kumwombea. Wamebeba mpaka kuku wawili.

Nikamnong'oneza, "Si uwaambie ni dawa?"

"Nimewaambia, hawaamini. Wacha waje, shem. Nilipokuwa mnene hakuna aliyebisha hodi."



Daktari alishaniambia miili haifanani, hata hiyo ya shemeji inaweza kunigomea. Lakini nitaiomba tu.

Kuna mwenye alibadilisha sindano? Ilikuaje?

Daktari akiniuliza nataka kupungua mpaka wapi, nitamwambia mpaka watu waanze kuja.