Gemu Niliyoshindwa Kumchagulia Mama

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee dukani kwetu anayezijua gemu, na hali hiyo niliipenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Duka ni la kompyuta na simu, katikati ya mji wa Morogoro, mali ya mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imefanya biashara hapa tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Kazi yangu ni ufundi: kubadilisha vioo vya simu, kufufua kompyuta zilizomwagikiwa chai. Gemu zilianza kama jambo la pembeni. Mteja akiwa anasubiri simu yake, namwonyesha gemu fulani ndogo, anaondoka nayo. Wiki ya pili anarudi na rafiki yake, naye anataka achaguliwe ya kwake.

Sikushughulika na zile gemu kubwa za mpira na bunduki ambazo kila mtu anazijua. Nilipenda zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili, wamejifungia chumbani kwao, bila kampuni kubwa nyuma yao. Nilizitafuta mtandaoni wakati wa chakula cha mchana, nikazicheza moja moja, nikaziweka akilini. Kwa kuwa hakuna mwingine mjini aliyekuwa akizitaja, niliziona kama zangu.

Njia yangu ya kuchagua ilikuwa rahisi. Nilimtazama mtu, nikajua kazi yake, nikampa gemu inayofanana naye. Dereva wa bodaboda nilimpa ya mbio za pikipiki. Mwanafunzi wa kilimo nilimpa ya kuotesha msitu. Fundi cherehani nilimpa ya kupanga vipande vya vitambaa mpaka rangi zikubaliane, na huyo alifurahi hadi akanishonea blauzi.

Mtu mmoja tu alinishinda, naye ni mama yangu mzazi.

Mama anaishi Matombo, analima migomba na mdalasini. Mara moja kwa wiki hushuka mjini na mzigo wake, akishauza sokoni hupita dukani kunywa maji na kupumzisha miguu. Nilimnunulia simu janja nikamwekea gemu ya shamba, nzuri sana, yenye mvua na kunguru. Akatazama kajitu kanavyomwagilia mchicha, akanirudishia simu.

"Mimi nimetoka kupalilia asubuhi hii. Sasa nipalilie tena na humu?"

Nikajaribu ya kufuga kuku. Nikajaribu ya kuuza matunda gengeni. Ya tatu hakuimaliza hata dakika moja.

"Hivi wewe unaniona mimi ni jembe?" akaniuliza.

Nilicheka nikaendelea na kazi. Nilidhani ni utani.

Mwaka juzi mjukuu wa kike wa bosi alirudi kutoka masomoni Dar es Salaam, akaanza kukaa nasi dukani. Nilimzidi kama miaka kumi. Tangu siku ya kwanza aliniita dada, akanikaribishia kiti, akaniuliza kabla ya kugusa vifaa vyangu. Hakuniachia hata upenyo mdogo wa kumchukia kwa haki. Siku ya tatu nilimsikia akimsimulia mteja gemu moja ya taa na kisima, gemu ambayo niliamini kwamba Morogoro nzima naijua peke yangu. Alikuwa ameshaimaliza mara mbili.

Nilijisikia kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo yake.

Wa kwanza kunihama alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Nilimpa gemu ya maneno, ya kuunda sentensi kutoka herufi zilizotawanyika. Ni mwalimu, ningempa nini kingine? Kwa miezi kadhaa aliicheza kwa adabu. Siku moja yule binti akamuuliza, "Shikamoo, mwalimu. Hiyo gemu unaipenda kweli?"

"Marahaba. Si mbaya."

"Na ungeambiwa uchague mwenyewe, ungependa kufanya nini?"

Mzee akanitupia jicho, akashusha sauti. "Binti yangu, maisha yangu yote nimesahihisha. Nataka kubomoa kitu."

Binti akamwekea gemu ya kuangusha majengo mabovu kwa tufe la chuma. Mwalimu aliangusha ghorofa lake la kwanza, akacheka kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, wapita njia wakageuka. Kuanzia siku hiyo akifika mlangoni swali lake ni moja: "Yule binti yupo?"

Wengine wakafuata. Yupo? Ametoka? Atarudi saa ngapi? Nami nimeinama juu ya simu ya mtu, bisibisi mkononi. Nilianza kuhesabu ni wangapi wanamfuata yeye na ni wangapi bado wangu. Mteja wake akirudi kulalamika, nilifurahi siku nzima. Nyumbani nilijiambia ni uchovu.

Halafu akamfikia mama.

Ilikuwa siku ya kawaida, mama amekaa kwenye kiti cha wateja, kikapu kitupu miguuni. Yule binti akamletea maji, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, dada anasema gemu huzipendi."

"Ananipa kazi nyingine. Kazi ninazo."

"Na usichonacho ni nini?"

Mama akaweka glasi chini. Nikajua atamjibu kwa mzaha kama anavyonijibu mimi.

"Nataka kupotea," akasema.

Niliinua kichwa.

"Ile milima yote naijua," mama akaendelea, kwa ile lafudhi yake ya Kiluguru inayopanda na kushuka. "Nikitoka nyumbani najua kila jiwe, kila mgomba ni wa nani, nani atanisalimia na ataniuliza nini. Tangu nizaliwe sijapotea hata siku moja. Ningependa niende mahali nisipopajua, na mtu asiniulize naenda wapi."

Miaka thelathini na minne mimi ni mtoto wake, na jambo hilo sikuwahi kulisikia. Yule binti alilipata kwa glasi ya maji.

Akamwekea gemu ya mtu mmoja mdogo mwenye mwavuli na mkoba, anayetembea katika nchi isiyo na ramani. Hakuna adui, hakuna alama za kupata. Unatembea, unafika mahali, unapapa jina, unaendelea. Wakainama pamoja juu ya simu wakianza, mimi nikawapa mgongo nikijifanya natafuta skrubu.

Kuanzia hapo mama akawa anapiga simu kila baada ya siku mbili, si kwa ajili yangu. "Mwambie mwenzako nimekuta mto unaopanda mlima." "Mwambie mwenzako kuna nyumba haina mlango." Mzigo wa mdalasini ukaja umefungwa vizuri kwa majani ya mgomba.

"Huo mpe mwanangu," akasema kwenye simu.

"Mwanao yupi?"

"Huyo wa dukani. Wewe mdalasini si unao?"

Jumapili iliyofuata nilipanda gari kwenda Matombo. Mvua ilikuwa imekula barabara, baada ya Mkuyuni tulishuka mara mbili kusukuma. Nilifika nina matope mpaka magotini, nikamkuta mama ametoka misa, amekaa kizingitini na simu yake, kitenge cha kanisani bado kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Subiri kidogo, niko darajani."

Nilisubiri. Alipomaliza akanisimulia daraja hilo tangu mwanzo, lilivyo la kamba, linavyolia. Nikamuuliza upande wa pili kuna nini. Akatikisa kichwa. "Mwambie mwenzako tu kwamba nimefika darajani. Yeye ataelewa."

Akainuka akaenda nyuma ya nyumba kunikatia ndizi. Simu aliiacha juu ya kigoda.

Naandika jambo hili jinsi lilivyokuwa. Sikusukumwa na mtu wala sikuteleza kidole. Niliichukua simu, nikafungua ile gemu, nikaingia ndani kabisa kwenye mipangilio. Ikaniuliza: safari yote itafutwa, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Kamtu kenye mwavuli kakarudi mwanzoni, kamesimama mahali peupe. Nikairudisha simu kigodani kama ilivyokuwa, na kwa muda mfupi nilijisikia vizuri, kama mtu aliyejikuna alipowashwa.

Mama akarudi na mkungu begani. "Hizi ni mkono wa tembo," akasema, akizitenga zile kubwa. "Nilizificha kwa ajili yako, jirani asizione."

Nilizibeba mpaka mjini. Sikuweza kuzila.

Siku yake ya soko ilipofika, mama aliingia dukani akapitiliza moja kwa moja kwa yule binti, simu mkononi.

"Nimerudi mwanzo, mwanangu. Nimebonyeza nini?"

Binti akaipokea. Alitazama kioo, akabonyeza hapa na pale, kisha akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa muda mrefu.

"Hujabonyeza kitu, mama. Hizi simu ndivyo zilivyo, zinasumbua."

"Haiwezekani kuirudisha?"

"Haiwezekani, mama. Pole sana."

Mama akakaa. Maji hakunywa. "Basi," akasema mwishowe. "Sijui kama nitaanza tena. Ilikuwa mbali mno." Akachukua kikapu chake akaenda kituoni mapema kuliko kawaida yake.

Bosi alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, tukabaki wawili. Yule binti akavuta kiti karibu na meza yangu.

"Dada, kuifuta safari ile unaingia sehemu tatu, na mwisho inakuuliza. Mama hajui hata sehemu hizo ziko wapi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi sitasema kitu. Lakini kuna jambo hulijui." Sauti yake ilitetemeka, nikagundua ana hasira, na kwamba ameizuia tangu asubuhi. "Mahali pa kwanza mama alipofika palikuwa kilima chenye mti mmoja. Akapapa jina lako. Mimi ndiye niliyemwandikia, hapa hapa, wewe umetugeuzia mgongo. Nikamuuliza kwa nini asichague jina jipya. Akasema, akipotea sana, ajue pa kurudi."

Niliendelea kufunga skrubu za simu iliyokuwa mbele yangu, nikazifunga zote, kisha nikakuta betri bado iko mezani.

Kesho yake niliomba ruhusa. Mama nilimkuta anaanika magome ya mdalasini juu ya mkeka. Nilichuchumaa upande wa pili nikaanza kuyageuza pamoja naye, kwa kuwa kusema huku natazama magome kulikuwa rahisi zaidi.

"Mama, simu haikuharibika. Ni mimi niliyefuta."

Mikono yake ikasimama. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nani? Wa yule mtoto?"

"Ulimwambia yeye mambo ambayo mimi hujawahi kuniambia."

"Yeye aliniuliza," mama akasema. "Wewe hukuniuliza. Wewe ulinipa shamba, ukanipa kuku, ukanipa genge. Nikasema, kumbe mwanangu akiniona anaona hivyo tu."

Nilimwomba msamaha. Hakunigombeza, wala hakunikumbatia. Aliniambia, "Umenikosea," akaniambia niwahi gari. Wiki tatu alishuka sokoni na kurudi bila kupita dukani. Nilikuwa nikimwona kwa mbali ng'ambo ya barabara, kikapu kichwani, anapita kama hajui mlango wetu uko wapi. Nami nilijua kwamba nimestahili.

Katika wiki hizo nilianza kuwauliza wateja. Nilianza vibaya, kwa aibu, kama mtu anayejifunza lugha ukubwani. Yule dereva wa bodaboda nilimuuliza kama anaifurahia gemu ya pikipiki. Akakuna kichwa. "Sister, sikutaka kukuvunja moyo. Mimi nilishaanguka mara mbili kwenye kona, barabara ya Mlali. Nikiona kona za humo kwenye gemu moyo unaruka." Alitaka kitu cha kukaa kimya. Nikampa gemu ya kupanga mawe mtoni.

Wiki ya nne mama akanipigia simu. "Nimeanza tena," akasema, bila salamu. "Nchi si ile. Milima wameihamisha."

"Pole, mama."

"Si mbaya. Hii ina mabonde." Kama amekipa kilima chochote jina, hakuniambia, na mimi sijamuuliza. Kuna maswali ambayo nimepoteza haki ya kuyauliza.

Nisingependa msomaji adhani nilipona hapo. Yule binti akicheka na mteja, sikio langu bado linasimama. Tumekuwa tukila mchana pamoja, namheshimu, na zipo siku natamani angekuwa mdogo wangu wa kweli, lakini wivu haukuondoka kwa kuitwa jina lake.

Mwezi uliopita mama alimwalika Matombo. Tulikwenda wote wawili. Binti wa watu alitapika njiani, akafika amekuwa wa kijivu. Mama alitoka mbio mpaka njiani kumpokea, akampita mtoto wake wa kumzaa na mizigo yake yote. "Pole, mwanangu, pole sana!" Akamtolea kiti kile cha kuegemea ambacho huketi padri akija, akamwekea mto mgongoni, akamletea maji ya ndimu katika glasi yenye maua. Nilisimama mlangoni na mabegi, wivu wangu umeamka wote.

Binti akajaribu kuinuka. "Mama, nikusaidie kupika."

"Kaa hapo! Wewe ni mgeni," mama akasema.

Kisha akanigeukia, akanitupia kanga kuukuu na kuninyooshea panga, mpini mbele.

"Na wewe umesimama kama nguzo kwa nini? Ndizi hazijakatwa, maji hayajatekwa. Twende."

Nikaweka mabegi chini, nikajifunga kanga, nikamfuata nyuma ya nyumba.