Bipu Tatu

Mama mdogo alinipiga kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, mpaka mwiko ukakatika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa uani, Kasongo, mchana kweupe, na majirani walisikiliza bila hata kujifanya wana kazi nyingine.

Kosa langu lilikuwa simu. Siku zote lilikuwa simu. Nililala nayo chini ya shavu, nikaenda nayo msalani, darasani niliificha kifuani, na kila dakika chache niliitoa kuangalia kama bado inawaka. Siku hiyo aliponinyang'anya nilimng'ata mkono. Nilionja damu yake, wala sikuona haya.

"Ni mwanaume gani unangojaka mu hii telefone?"

Mwanaume! Ningekuwa na mwanaume angalau ningejua napigiwa nini. Mji mzima uliamini kwamba msichana asiyeachana na simu anatafuta mapenzi. Mimi nilikuwa nalinda batri.

Miaka miwili kabla ya hapo niliishi na mama yangu katika kijiji kimoja cha Kabambare, upande wa Salamabila. Baba alikuwa ameshafukiwa na shimo la dhahabu. Nyumba ilikuwa na simu moja, ya mama, na mtandao ulifika mahali pamoja tu, dirishani. Kwa hiyo simu ilining'inia pale kwa uzi, na mtoto hakuruhusiwa kuishusha. Vijiji vya barabara ile vilikuwa na mapatano: ukiona watu wenye bunduki wanapita kwako, wabipu ndugu zako walio mbele mara tatu. Hakuna kupokea, hakuna kuuliza. Ukisikia bipu tatu, unakimbilia porini na nguo uliyovaa. Aliyepaswa kutubipu sisi ni huyu mama mdogo, mdogo wa mama yangu, maana kijiji chake kilitangulia chetu.

Siku ile mama alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Nilishusha simu nikaenda nayo nyuma ya jiko kucheza mchezo wa nyoka. Nyoka akarefuka, nami nikafurahi kweli, mpaka kioo kikawa cheusi. Nikairudisha kwenye uzi kimyakimya, nikachukua dumu, nikaenda mtoni. Nilijiona mjanja.

Nikiwa narudi nilisikia risasi, nikalala majanini mpaka zikanyamaza. Mama nilimkuta palepale mlangoni. Walimkata shingo kwa panga, na mihogo yote aliyokuwa ameimenya ilikuwa myekundu. Simu bado ilining'inia dirishani.

Kwenye matanga mama mdogo alimlilia dada yake kwa neno moja tu: "Nilibipu yaya, nilibipu, rezo ikakatala. Rezo njo iliua yaya yangu." Watu wakaulaani mtandao, nami nikaulaani kwa sauti kuliko wote. Kisha mama mdogo akanichukua, tukahamia Kasongo.

Sasa, pale uani, aliishika simu yangu kwa mkono niliomng'ata na kubonyeza kitufe. Kioo kikazimika. Nilipiga yowe ambalo mpaka leo silipendi kulikumbuka.

"Usizime! Mama mudogo, usizime! Rezo haikukatala. Ni miye nilimaliza batri. Nilikuwa nacheza."

"Siku ile?"

"Siku ile."

Aliutupa mwiko akanirukia kwa mikono mitupu. Alinipiga usoni, akanivuta nywele, akanigongesha kichwa ukutani, huku akimwita dada yake. Nilishusha mikono. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepigwa kwa ajili ya wanaume ambao hawakuwepo. Kipigo hiki kilikuwa changu, na nilikitaka chote.

Alipochoka alikaa mavumbini kando yangu, akihema. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Miye nilikimbia kwanza. Nilibipu nikiwa tayari mu pori. Masasi ya kwenu nilikuwa nayasikia."

Nilimwambia arudie, naye akarudia. Risasi zilikuwa zimeshaanza. Hata simu ingelia, ingemlilia mama akiwa amekufa. Alilijua hilo tangu matanga, na aliniacha niulaani mtandao pamoja naye.

Nikaokota kile kipande cha mwiko, nikampiga nacho kichwani. Naye hakujikinga.