Maziwa Niliyoyameza

Jamani wenzangu, leo mjukuu wangu ameondoka bila baraka, na kosa ni la mdomo wangu.

Lomnyaki amemaliza shule ya misheni. Asubuhi mwalimu wao kaja kumchukua, ampeleke chuoni, mbali huko, akajifunze ualimu.

Mimi Koko, bibi yake, herufi hata moja siijui, lakini kuuliza najua. "Baada ya hicho chuo kuna nini?"

"Kuna chuo kikuu, Koko. Chuo kinatoa walimu na makarani. Chuo kikuu kinatoa madaktari na mahakimu. Kiko Ulaya."

"Na huyu wetu atafika huko?"

Akakohoa.

Nami nikapiga funda la maziwa. Si mnajua, anayesafiri lazima bibi amtemee kifuani, ndiyo baraka yake.

Mdomo umejaa, ndipo mwalimu anajibu: "Aa, Koko! Mjerumani, mkuu wa misheni, kasema watu wetu wanaishia chuoni."

Mbele ya mtoto! Na mtoto akainamisha kichwa.

Nikitema baraka kwanza, neno lile linapita hivi hivi, bila kujibiwa.

Nikameza.

"Mwambie Mjerumani wako, kichwa hiki nimekilea mimi. Mwisho wake yeye kauonea wapi?"

Mwalimu kanuna, kamshika Lomnyaki mkono, huyoo! Nilipokwisha kuchukua kibuyu cha maziwa tena, walishavuka mto.

Mtoto alikwenda kichwa juu, hilo nililiona. Lakini kifua chake kikavu.

Nisemeni tu, nimezoea. Ingekuwa wewe, ungemeza?