Maembe ya Kupalia Makaa Mbele ya Baba Mkwe

Nilikuwa na mwaka na nusu katika ndoa na bado nilipikia kwenye jiko la mama mkwe. Kwetu mkamwana hupewa mafiga yake siku mama mkwe akiridhika naye, na wangu hakuwa na haraka ya kuridhika. Sina hakika kama yeye alikuwa mgumu au mimi nilikuwa mzito. Tuseme tuligawana.

Basi akaja mwalimu wa upishi kutoka Mugumu, kutufundisha baada ya kisomo cha watu wazima. Somo lilikuwa chakula cha kumalizia mlo, kana kwamba mlo wetu ulikuwa na tabia ya kugoma kuisha. Chukua oveni. Chukua sukari nyeupe. Duka la kijiji mwezi ule lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji. Lakini niseme haki, hakutucheka. Alisema sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini ni oveni, na asali ni sukari. Mwisho akatoa kanuni: mpishi wa kisasa huonja mbele ya wageni, wajue chakula ni salama. Nikaiandika na kuipigia mstari. Nilikuwa na madarasa manne tu, na kila kilichoandikwa nilikiona ni amri.

Mume wangu alisema nikimfurahisha baba yake, mama atakosa neno, na yeye mume wangu atanijengea jiko. Nikachagua Jumapili baada ya kanisa, siku ambayo baba mkwe angekuwa na mgeni, kaka yake kutoka Busawe.

Maembe niliyafuata kwenye mahame yetu, makazi ya zamani tulikoondolewa ili tukaishi kimaendeleo katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Mwembe wenyewe haukuhamishwa. Nadhani hakuna aliyeukumbuka. Niliyakata mashavu nikaacha kokwa, nikayapanga kwenye sufuria ngozi chini, nikatia asali, nikafunika, nikapalia makaa. Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama.

"Embe bivu unalipika ili iweje? Liive mara ya pili?"

Nikasema ndiyo kisasa, mama. Akasema basi kisasa kina kuni nyingi. Hapo alikuwa na haki, kuni tulizifuata mbali.

Yalitoka yamelegea, kingo zimeungua kidogo, yananukia hadi kwa jirani. Nikamwagia maziwa mgando. Nikaenda walipokaa wazee, nikapiga goti, nikasema shikamoo, nikaweka sahani. Kisha nikakumbuka mstari wa daftari. Nikachukua kijiko, nikala.

Kwetu mkamwana hali machoni pa baba mkwe. Hata kutafuna hatafuni. Hilo nililijua tangu sijaota meno ya ukubwa, ila siku ile niliyakumbuka ya daftari tu. Baba mkwe aligeuza uso kwenye ghala la mtama, akainuka, akazunguka nyumba akaenda zake. Kaka yake akamfuata, ingawa aligeuka mara mbili kutazama sahani.

"Umekula, mkamwana?" mama mkwe aliuliza taratibu.

"Nimeonja, mama. Mwalimu alisema..."

"Huyo mwalimu wako ana baba mkwe?"

Sikujua. Kwa kweli sikuwahi kumuuliza, na kosa hilo siwezi kumtwisha yeye.

Maembe tuliyala sisi wawili nyuma ya nyumba. Alimaliza sehemu yake, akalamba kijiko, akasema yananuka moshi. Jioni ileile akamwambia mwanawe ajenge jiko upande wa pili wa ghala, haraka, mahali ambapo mzee hatauona tena mdomo wangu. Mwaka na nusu wa adabu haukunipatia hata figa moja. Kijiko kimoja cha utovu wa adabu kilinipatia yote matatu, na mawe aliyaokota mama mkwe mwenyewe. Nilimshukuru kwa kupiga goti. Sijui hadi leo kama alikuwa ananifukuza au alikuwa amechoka kuninyima, na kwa siku nyingi baba mkwe alipita njia ya mbali kwenda zizini.